Mursik Imegoma Kuganda, Nami Natakiwa Mombasa

Siku ya Madaktari wa Mifugo Duniani huwa Jumamosi ya mwisho ya Aprili. Ilianzishwa mwaka 2000 na chama cha dunia cha madaktari hao, na sina shaka hata chembe kwamba katika kikao kilichoipitisha hapakuwa na mjumbe kutoka kwetu Bureti. Angekuwapo angeinua mkono. Angewaambia: waheshimiwa, Aprili kwetu ni masika. Kupe wanaamka. Ng'ombe aliyeshinda Januari na Februari akitafuna mabua anafunguliwa kwenye nyasi mbichi, anakula hadi ubavu wa kushoto unavimba, na mwenyewe ananipigia simu saa tisa za usiku kuniuliza kama nimelala. Barabara za ndani kule Chepalungu zinaacha kuwa barabara, zinakuwa shauri kati ya mwendesha bodaboda na Mola wake. Kericho nako mvua inashuka kila alasiri, siku nyingine ya mawe, na mwenye shamba la chai anakesha akihesabu majani yaliyotoboka huku mwenye ng'ombe akihesabu kupe.

Katikati ya hayo yote simu inaita tena. Si ng'ombe. Ni ujumbe: ndugu daktari, umekumbuka kujisajili?

Kongamano letu la kisayansi la kila mwaka huandamana na siku hiyo. Wataalamu wa kila tawi hukusanyika mahali pamoja, wa upasuaji, wa uzazi, wa kuku, wa samaki, wa nyuki, wa wanyamapori, wa maabara, wa afya ya umma, kila mmoja na slaidi zake na kikohozi chake cha kuanzia hotuba. Mwaka huu tumeitwa Mombasa. Mimi naishi Litein, mahali ambapo sweta huvaliwa saa sita mchana na mtu haulizwi kwa nini.

Usinishauri nisiende. Kazi yetu inasimamiwa na sheria ya mwaka 2011, leseni huhuishwa kila mwaka, na Bodi inayotupa leseni hutaka kuona kwamba mtu hakuacha kusoma siku aliyotoka chuoni Kabete na joho begani. Hilo sina ugomvi nalo. Dawa za kuogeshea nilizofundishwa chuoni, nyingine siku hizi kupe anaogea na kuendelea na safari. Ugomvi wangu ni kwamba elimu hiyo hupatikana kwa kuketi ukumbini, na mimi nimezoea kazi ambayo mtu akiketi anakanyagwa.

Tena haitoshi kuketi. Mtu mzima mwenye heshima zake anatarajiwa kuwasilisha kitu. Na kitu ninacho. Shida ni kwamba kitu chenyewe hakina ukumbi.

Upande wa Kapkatet yuko ng'ombe anayeitwa Bonasi. Mzee mwenye boma alimnunua kwa malipo ya mwisho wa mwaka ya majani chai, yale ambayo kila Oktoba huwafanya wakulima wa kaunti za Kericho na Bomet kutabasamu au kuandamana, akampa jina hilo asije akasahau pesa zilikokwenda. Tangu hapo mazungumzo ya boma lile yana mtego kwa mgeni. Utaambiwa Bonasi imepungua. Bonasi imekataa kusimama. Bonasi imeingia kwa jirani. Hujui utoe pole au utoe dawa.

Bonasi alishikwa na ugonjwa wa kiwele. Chuchu moja ilivimba, ikawa na moto, maziwa yakatoka na mabonge. Nilimtibu kwa antibiotiki, nikamweleza mzee taratibu na kwa sauti: maziwa haya usiyauze wala usiyanywe hadi muda ulioandikwa kwenye kibandiko upite. Kwa dawa nyingine ni siku tatu, kwa nyingine ni juma zima. Nilimwandikia tarehe kwenye mlango wa zizi kwa chaki. Mzee akaitikia kwa kichwa. Kuitikia kwa kichwa ni adabu ya huku kwetu. Haina uhusiano wowote na kukubali.

Kwenye kituo cha kupozea maziwa hakuyapeleka, hilo nampa heko. Aliogopa kupimwa. Lakini kumwaga maziwa chini, kwa Mkipsigis aliyelelewa vizuri, ni jambo zito, na kwa hivyo maziwa yalizunguka nyuma ya nyumba yakaingia jikoni kwa kogo, mama yake mzee, ambaye hakuambiwa kitu.

Kogo akafanya kazi yake. Alichukua sotet, kibuyu ambacho umri wake unanizidi, akakipaka ndani mkaa wa mti wa senetwet, akachemsha maziwa, akayapoza, akayamimina, akafunika. Kisha akangoja mursik, maziwa yetu ya mgando. Akangoja. Maziwa yakabaki maziwa. Hayakuganda, hayakuchachuka, yalikaa tu mle yakimtazama. Kwanza alilaumu kibuyu. Halafu akamlaumu mkaza mwana aliyekiosha. Halafu kuna jirani ambaye alikuwa amepita akasema boma linapendeza, na jina lake likatajwa. Mwisho kogo akaonja tena, akatema, akatoa uamuzi: "Ng'ombe huyu amedungwa. Maziwa yamekufa."

Nilipokuja kukagua kiwele nilikuta ameketi mlangoni ananisubiri.

"Daktari, njoo hapa. Umetia nini katika maziwa yangu?"

Wasomaji, huyu bibi hakukanyaga darasa la nane. Ila alichosema ndicho wanachokijua wenye viwanda vya mtindi na jibini popote duniani. Maziwa huganda kwa kazi ya bakteria wadogo wanaokula sukari ya maziwa na kutoa asidi. Antibiotiki haina macho: haitofautishi bakteria mbaya wa kiwele na bakteria wema wa kogo. Ikiwamo ya kutosha katika maziwa, wote wanalala. Tena viko vipimo vya maabara, vinavyonunuliwa kwa fedha za kigeni, vinavyofanya kazi kwa kanuni hiyohiyo hasa: unatia bakteria ndani ya maziwa, unayapasha joto, unangoja rangi ibadilike, isipobadilika, ujue bakteria wamekwama na dawa imo. Kogo anacho kipimo hicho ukutani, kimening'inizwa kwa ugwe wa ngozi.

Na kabla wataalamu hawajaniparamia: najua. Kibuyu hakitaji dawa gani wala kiasi gani. Dawa ikiwa kidogo, mursik itaganda vizuri na mtu atainywa na dawa yake. Maziwa pia yaweza kugoma kwa baridi au kwa kibuyu kilichooshwa kwa sabuni. Yote hayo nimeyaandika. Lakini hebu fikiri, katika eneo ambalo kila boma lina sotet, mursik inayogoma ni kengele ya bure. Kwa hivyo nikaandika ikisiri: kugoma kwa mursik kuwa dalili ya mabaki ya antibiotiki katika maziwa ya nyumbani. Nikajiona mwanasayansi. Nikafungua fomu.

Fomu inataka utie alama kwenye kisanduku kimoja. Kitengo gani?

Nikatazama visanduku vile hadi chai ikapoa. Mwishowe nikaamua kuwapigia tuliosoma nao. Kabete tulikuwa watu wa aina moja, tulipasua mzoga mmoja na kugombania kisu kimoja. Siku hizi wenzangu wamegawanyika, kila mmoja ameshika kipande chake cha mnyama na hataki kusikia habari za kilichobaki.

Wa afya ya umma nilimpata akiwa mkutanoni, maana huwa hatoki mkutanoni. Akaniuliza kuna mtu aliyeugua. Nikasema hakuna, mursik haikunyweka. Akasikitika. "Basi andika 'Afya Moja' kwenye kichwa cha mada," akanishauri, "popote tu, hata mwishoni. Bila hivyo hakuna atakayekufadhili."

Wa dawa na sumu aliuliza mabaki yalikuwa kiasi gani kwa lita. Nikamwambia kogo hakusema.

Wa patholojia aliuliza swali moja: ng'ombe alikufa? Nikamwambia la, yuko, anakula vizuri, kiwele kimepona. Nikasikia pumzi ikimtoka. Akaniambia nimpigie mambo yakibadilika.

Wa uzazi alisema kiwele huanza baada ya kuzaa, na baada ya kuzaa kazi yake imekwisha. Wa wanyamapori aliniuliza kama nina picha. "Sisi huku slaidi ya kwanza ni twiga," akasema, "hiyo nyingine hata ukisoma orodha ya bei za unga watasikiliza." Rafiki yangu mmoja hutibu mbwa na paka Nairobi, yeye hakuelewa tatizo, ila katika kuzungumza akanidokezea analipwa kiasi gani kumlaza mbwa usingizi na kumsafisha meno. Niliomba dakika moja nikae chini. Ndama wa Bonasi angeuzwa, pesa zake zisingetosha kusafisha hayo meno. Na yule wa maziwa akafunga mjadala: mursik ni chakula, wapelekee watu wa Chuo Kikuu cha Egerton.

Ona sasa. Jambo ni moja. Ng'ombe ni mmoja, mama mmoja, kibuyu kimoja. Limepita mikononi mwa wasomi wote wa utabibu wa wanyama na kila mmoja amesema si langu. Mimi huku ningemwambia nani si langu? Alfajiri ni mkunga, saa nne ni mpasuaji, saa sita ni bingwa wa kuku kwa sababu nimepita njia na mama ameniona, alasiri napima nyama buchani, na jioni ni mshauri wa ndoa, maana ng'ombe ni wa mama na pesa za matibabu ziko mfukoni mwa baba. Ningetaka kubobea, ningebobea katika kusimama mvuani.

Hata hivyo nikasema nitafute takwimu, kwa kuwa kisa cha boma moja ni hadithi na visa vya maboma mengi ni sayansi. Hapo ndipo nilipogundua kwamba daftari langu halikuandikwa kwa ajili ya Mombasa. Limeandikwa chini ya ng'ombe. "Mweusi wa yule mama wa karibu na josho la zamani." Josho lipi? Majosho ya serikali yaliyokufa tangu utunzaji wake uachiwe wenyeji ni mengi, na kila moja lina mama karibu yake. Ukurasa mwingine umelambwa. Siyo lugha ya picha, ndama aliulamba.

Jedwali linataka umri wa ng'ombe. Nikarudi kwa mzee.

"Huyu alizaliwa lini, mzee?"

"Mwaka kijana wetu mkubwa alipofanya mtihani wa darasa la nane."

"Ni mwaka gani huo?"

Akafikiri sana. "Unasema mara ya kwanza au mara ya pili?"

Nikaandika "mtu mzima" nikaendelea. Kisha nikaanza kuzunguka maboma kuwauliza kina mama kama mursik yao imewahi kugoma baada ya ng'ombe kutibiwa. Sijui nilifikiri nini. Mursik ndiyo kitambulisho cha nyumba. Wanariadha wetu wakitua uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta na medali shingoni, kitu cha kwanza kuwekwa mdomoni mwao ni mursik. Wakwe wakija ni mursik. Mtoto akitahiriwa ni mursik. Mwanamume mwenye mkoba anaingia uani na kuuliza yako iligoma lini. Walinijibu kwa heshima zote. Ya kwao haijawahi. Ila ya jirani, hiyo ndiyo, tena mara nyingi, na wala hawashangai. Kwa mujibu wa takwimu zangu, basi, Kericho na Bomet hakuna boma lililowahi kugomewa na mursik, na hakuna boma ambalo jirani yake hakugomewa. Mwenzangu anayejua hesabu za utafiti alizitazama akasema hajawahi kuona kitu safi namna ile.

Mada isiyo na kitengo wala namba, mahali pake ni bango. Bango hutundikwa kwenye korido, watu hulisoma wakati wa mapumziko, na usomaji hudumu hadi sambusa iishe. Nikaridhia. Nikaenda kwa kijana wa saiba, fundi hodari wa mabango ya mazishi na ya wanaowania uwakilishi wa wadi. Akafungua kompyuta.

"Marehemu ni nani, daktari?"

Nikamwonyesha picha ya Bonasi. Akanyamaza kidogo kwa heshima. Akasema pole.

Nikamweleza kwamba ng'ombe yuko hai, hii ni sayansi. Akasema ameelewa. Nilipolichukua, Bonasi alikuwa katikati ya mawingu, mwanga unamtoka nyuma ya pembe, na pande zote mbili za jedwali langu la antibiotiki kuna njiwa weupe. Nikaomba njiwa watolewe. Kijana akasema njiwa wako kwenye bei. Kwa hivyo wanasafiri.

Safari yenyewe ni Litein hadi Kericho, Kericho hadi Nakuru, Nakuru hadi Nairobi, halafu gari moshi la Syokimau ambalo tiketi yake unainunua mapema au unaimba wimbo wa kusubiri. Bango limekunjwa kwenye bomba refu la plastiki, na kondakta wa kwanza aliyeliona ameshaniambia hiyo ni siti. Kwenye kituo cha Syokimau mizigo hupangwa chini mbwa wa usalama wakainusa. Namhurumia huyo mbwa. Atanusa begi langu apate habari za ng'ombe wa kaunti mbili, na atashindwa aanzie wapi kuripoti.

Mama watoto ndiye anayefunga begi. Ameondoa gambuti.

"Baba Watoto, hizi zinaenda kufanya nini baharini?"

Nikamwambia miguu yangu haijui kuvaa kitu kingine na kufikiri kwa wakati mmoja. Akazitoa nje ya nyumba. Ameweka suti ya harusi yetu, ambayo ama imepungua kwenye sanduku ama ni mimi niliyeongezeka, na juu yake ameweka orodha: dera mbili, halua, na korosho zisiwe zile zilizovunjika. Nikamkumbusha naenda kwenye elimu. Akasema elimu haizuii mtu kupita Marikiti.

Kogo naye ametuma sotet. Imejaa mursik iliyoganda barabara, kutoka kwa ng'ombe asiyedungwa. "Wapelekee hao waliosoma waonje," aliagiza, "ndipo uwaonyeshe ile picha." Kwa hivyo nitapanda gari moshi nikiwa na bomba la njiwa begani na kibuyu kilichofungwa mapajani, nikiingia kwenye joto ambalo litaifanya mursik ile iendelee na kazi yake njiani. Yeyote atakayeketi mbele yangu nimemtahadharisha.

Kuhusu chai ya huko naomba nisianze. Haya, naanza. Mimi natoka kwenye chai. Dirishani kwangu ni chai, mtaroni ni chai, mvua ikinyesha inanyeshea chai. Majani yetu hutangulia Mombasa kwa malori, huuzwa kwenye mnada wa pale, hupanda meli, na mimi hukalishwa kwenye hoteli ya nyota kadhaa nikapewa kikombe cha maji ya vuguvugu na kipakiti chenye uzi. Huo uzi ni wa nini? Na maziwa yanaletwa kando, ndani ya kidumu cha kutosha jicho la mgonjwa. Mwenye chai na mwenye ng'ombe ndiye huyohuyo anayenyimwa vyote viwili.

Najua pia jinsi ufunguzi utakavyokuwa. Mgeni rasmi atachelewa, atakuja, ataikumbuka sotoka, ile tauni ya ng'ombe. Na ana haki ya kuikumbuka. Mwaka 2011 dunia ilitangazwa kuwa huru na sotoka, ugonjwa wa pili kufutwa kabisa baada ya ndui ya binadamu, na chanjo iliyofungua njia hiyo ilitengenezwa na Walter Plowright na wenzake hapa kwetu, Muguga. Mwaka 1999 alitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani. Tutapiga makofi, nami nitapiga kwa nguvu. Lakini kipande ambacho wageni rasmi hukiruka ni hiki: kuelekea mwishoni, miaka ya 1990, sotoka ilikuwa imejificha kule ambako gari lenye jokofu halifiki. Karamoja, kusini mwa Sudan, Afar ya Ethiopia. Iliyoifuata huko ni chanjo iliyoboreshwa isiharibiwe haraka na joto, mikononi mwa wafugaji wenyewe waliofunzwa kuchanja, wakitembea kwa miguu nyuma ya mifugo. Hakuna aliyewauliza wako kitengo gani.

Sasa nifike kwenye linaloniudhi kuliko suti. Nilipotafuta wa kunishikia kazi, nikampigia mwenzangu wa Sotik. Anaenda Mombasa. Wa Longisa, Mombasa. Wa Londiani alikuwa tayari anauliza kama maji ya bahari yanaharibu saa. Kumbe juma la kuwaadhimisha madaktari wa mifugo ndilo juma ambalo mifugo haina madaktari. Katika masika. Kupe wakiwa wametoka nje wote kutazama.

Anayebaki ni nani? Ni yule bwana wa pikipiki mwenye sindano moja na chupa ya ile dawa ya manjano. Ng'ombe akikohoa, manjano. Akichechemea, manjano. Akikataa dume, manjano. Yeye ndiye mtaalamu pekee nchini aliyefanikiwa kuunganisha vitengo vyote. Na hizo mursik zinazogoma, nyingi chanzo chake ni yeye, kwa sababu akishadunga anaondoka na pesa yake. Tarehe ya kumwaga maziwa haandiki mlangoni wala hewani.

Nitapendekeza kwenye kikao, nikipewa kipaza sauti. Kongamano lisogezwe hadi Agosti au libaki Aprili lakini tuende kwa zamu, nusu waende, nusu wabaki, na alama za kujifunza zipewe pia anayebaki, kwa maana atajifunza mengi. Halafu mwaka mmoja watuletee huku. Hoteli zipo, baridi ipo, chai haina uzi, na kumbi za mabango tutazijenga hata zizini. Wa patholojia tutamtafutia kitu.

Hadi hapo, wateja wangu kuanzia Roret hadi Mulot, sikilizeni. Sitakuwapo kuanzia Jumatano hadi Jumapili. Simu nitapokea, ila nje ya ukumbi, kwa hivyo ongeeni haraka. Ng'ombe akipata homa, tezi ya chini ya sikio ikavimba na pumzi ikawa nzito, hiyo ni ndigana kali: asidungwe manjano peke yake, haitamwokoa, inahitaji dawa yake maalumu, tena mapema, piga simu siku hiyohiyo, usingoje kesho. Akiwa na homa, tezi ziko sawa, kinyesi kikavu, macho na ufizi vimekuwa na umanjano, hiyo yaweza kuwa ndigana baridi, na hapo manjano ina kazi, kwa kipimo cha daktari. Aliyevimba ubavu wa kushoto msimlaze. Msimamisheni kichwa kikiwa juu kuelekea mlimani, mtembezeni polepole, na mnipigie. Aliyezaa usiku akaanguka asiweze kuinuka, msimpige wala msimwagie maji baridi. Mwegemezeni kwa gunia la majani akae kwa kifua asilale ubavu, amepungukiwa na kalisi na atahitaji dripu kabla ya asubuhi. Msaidizi wangu yuko Litein na ana kila kitu isipokuwa gari. Mumpelekee mafuta. Na maziwa ya ng'ombe aliyedungwa, mzee, uyamwage mwenyewe kwa mkono wako hadi tarehe ya mlangoni ipite. Msiyapeleke kituoni, msimpe ndama, na msimpelekee kogo.